Phoenix ya Marehemu Baba na Habu ya Mtumba: Ndoa ya Milimita

Wiki hii tuwaache kidogo wasanii na wachumba zao, hawaendi kokote, tutawakuta. Nina ndoa nyingine ya kukusimulia. Bibi harusi ni mtu mzima: fremu ya baiskeli ya zamani, ile Phoenix nyeusi ya Shanghai, au Raleigh ya Nottingham, au Swala yetu ya hapa nyumbani kama bado ipo moja stoo kwa babu. Bwana harusi ni kijana wa mtumba: gurudumu la nyuma lenye gia kibao, lililoshuka na kontena kutoka Japani au Ulaya. Kwa macho wanapendana ile mbaya. Shida ni moja tu, kijana ni mnene, mlangoni haingii.

Usicheke. Mtaani kwetu wanaojaribu kuwafungisha ndoa hawa wawili ni wengi, na sababu yao inaeleweka. Zile fremu za zamani hazifi. Ni chuma kizito, ukipakia magunia mawili ya mkaa kutoka Kisarawe halalamiki mtu. Lakini gia ni moja tangu umeinunua mpaka umezeeka. Ukikutana na mlima unashuka, unasukuma, jasho linakutoka, na wasichana kituoni wanakuangalia. Wakati huohuo pale kwa wauza mitumba kuna magurudumu ya gia saba yamening'inia peke yake, fremu zake zilishapasuka au zilishauzwa. Mtu mwenye akili lazima ajiulize: kwa nini nisilipachike lile hapa?

Jibu ni kwamba inawezekana. Ila ndiyo njia pia ya kuua fremu nzuri kwa dakika kumi, na nimeiona ikikaribia kutokea kwa macho yangu.

Mshikaji wangu mmoja anauza mikate. Saa kumi alfajiri yupo kwenye tanuri Manzese, saa kumi na mbili mikate inatakiwa iwe madukani Kimara, kule juu, kabla watu hawajachemsha chai. Boksi nyuma, yeye mbele, Barabara ya Morogoro imeshaanza kuunguruma. Baiskeli yake ni Phoenix aliyoachiwa na marehemu baba yake, ambaye naye aliibebea maziwa miaka mingi. Kwa hiyo kile siyo chuma cha kupima kwenye mzani wa vyuma chakavu. Mama yake akisikia ile kengele anatoka nje.

Mwaka huu habu ya nyuma ikafa. Ilianza kulia kwi-kwi, gololi zikasagika, halafu kikombe cha ndani kikapasuka. Mikate ikaanza kupanda bodaboda, na ukishatoa hela ya bodaboda kwenye faida ya mkate, kinachobaki ni harufu. Akaona isiwe taabu, akanunua gurudumu la mtumba la baiskeli ya milimani, inchi 26, gia saba, habu yake bado inazunguka laini kama sufuria ya mafuta. Akili yake ilikuwa mbali: kama lazima nibadilishe habu, basi nipate na gia za kupandia Kimara.

Fundi wa kwanza aliyempelekea (jina lake na kijiwe chake naviacha) aliangalia mara moja, akasema hamna noma, akavuta mtaimbo na kuomba mtungi wa gesi wa jirani. Nia yake ilikuwa aichome miguu ya nyuma ya fremu mpaka iwe nyekundu, kisha aitanue kwa mtaimbo mpaka gurudumu liingie. Mshikaji alimnyang'anya fremu. Naamini hapo aliiokoa. Fremu hizi zimeunganishwa kwenye soketi kwa kuchomelewa na shaba, na ukipeleka moto bila kujua, maungio yanalegea na bomba lenyewe linapoteza nguvu. Leo linaonekana zima, keshokutwa linakatika katikati ya barabara na boksi la mikate juu yake.

Tukaenda kwa Mzee mmoja Magomeni, anafanya kazi chini ya mkungu, ana jiliwa moja lililofungwa kwenye gogo na redio isiyozimwa. Kitu cha kwanza alichoshika kilikuwa kalipa, ile rula ya chuma yenye midomo. Akapima nafasi iliyopo kati ya midomo miwili ya nyuma ya fremu, pale ekseli inapokaa: milimita 114. Akapima habu, kuanzia uso wa nati ya kufungia koni ya kushoto mpaka ya kulia, siyo urefu wa ekseli yote: milimita 135.

"Hapa kuna milimita 21," akasema. "Mnataka kumvisha huyu suruali ya mdogo wake."

"Mzee, si tunaitanua tu?" mshikaji akauliza.

"Mwanangu, unatanua kitu ukishajua kwanza mwenzake anaweza kupungua kiasi gani."

Hapo ndipo nikaanza kuandika kwenye karatasi ya mkate.

KWA NINI VIJANA WANANENEPA

Msomaji wangu, ukielewa kwa nini habu za siku hizi ni pana, nusu ya kazi umeimaliza. Zamani nyuma kulikuwa na friwili ya gia moja, nyembamba, kwa hiyo fremu haikuhitaji kuwa pana; nyingi ziko kwenye milimita 110 mpaka 115 hivi. Zilipokuja baiskeli za mashindano zenye gia tano nyuma, fremu zikawa 120. Gia sita na saba zikaleta 126. Gia nane kwenda juu, baiskeli za barabarani zikahamia 130, na zile za milimani zikachukua 135. Wenzetu hawakuishia hapo. Kuna habu za ekseli nene ya milimita 12 inayopita kama bomba, upana wake 142, na tangu katikati ya miaka ya 2010 zipo mpaka za 148. Hizi mbili za mwisho ukiletewa kwa ajili ya Phoenix, mrudishie mwenyewe. Ekseli yenyewe haina mdomo wa kukaa.

Sasa sikia siri. Habu yenyewe, yaani lile pipa linaloshika spoki, haijanenepa sana miaka yote hiyo. Kilichoongezeka ni nafasi ya kuweka gia upande wa kulia, na vipete vya kujazia nafasi kwenye ekseli. Vipete hivyo tunaviita spesa. Unaweza kuvitoa. Ukitoa spesa, habu inapungua, hakuna aliyepigwa nyundo.

Mzee alifungua ekseli akatuonyesha. Upande wa kushoto wa habu ile ya milimani kulikuwa na spesa ya milimita 9 ambayo kazi yake ni kufikisha 135 tu. Akaitoa. Tukabaki na 126, ambao ndio upana wa gia saba za baiskeli za barabarani za zamani, hakuna uchawi hapo. Halafu akasema gia saba za nini kwa muuza mikate? Akafungua friwili ya gia saba, akatafuta kwenye ndoo yake ya makorokoro akaibuka na friwili ya gia tano. Ikaingia bila ubishi, kwa sababu hesi za friwili (zile njia za kufungia) nyingi duniani ni za kipimo kimoja, inchi 1.37 kwa njia 24 kila inchi. Wafaransa zamani walikuwa na ya kwao, milimita 34.7, zinafanana kwa macho, ukilazimisha unaharibu habu. Sasa friwili ya gia tano ni nyembamba, kwa hiyo upande wa kulia nako akapunguza spesa, milimita 6. Tukafika 120.

Angalia hesabu ilivyokwenda. Tulianza na pengo la 21. Habu peke yake imetoa 15. Limebaki pengo la 6, yaani milimita 3 kwa kila upande wa fremu. Hiyo siyo vita tena.

Na kuna faida ambayo mimi sikuitegemea. Mzee alimuuliza mshikaji: ulishawahi kuona ekseli za hizi baiskeli za gia saba zinavyokatika? Zinakatika sana, hasa kwa wabeba mizigo, na watu wanasema chuma cha siku hizi feki. Wakati mwingine ni feki kweli. Lakini kwenye habu ya friwili, gololi za kulia zinakaa ndani, karibu na pipa, kisha ekseli inatokeza nje peke yake ikipita katikati ya friwili mpaka ifike kwenye fremu. Kadiri friwili inavyokuwa na gia nyingi ndivyo kipande hicho kisichoshikwa kinavyokuwa kirefu, na uzito wote unakikunja hapo. Gia moja, kipande kifupi, ekseli haikunjiki kirahisi. Ndiyo maana mzee wako alibeba magunia miaka 30 na ekseli ileile. Shimano wa Japani walilitatua hili mwaka 1978 kwa kutoa habu ambayo gia zinakaa juu ya mwili wake wenyewe, na gololi za kulia zinasogea nje karibu na fremu. Hizo ni nzuri kweli, lakini huwezi kuzipunguza upande wa kulia kama hizi za friwili, kwa hiyo kwa fremu ya 114 ni kazi nyingine kubwa zaidi. Kutoka saba kuja tano, basi, mshikaji alipoteza gia mbili akapata ekseli inayovumilia. Kwa mtu wa mizigo, mimi naona hapo hakuna alichopoteza.

Ukitaka kwenda mbali zaidi inawezekana pia. Mtu asiyehitaji gia kabisa anaweza kufunga friwili ya gia moja kwenye habu hiyohiyo, atoe spesa za kulia milimita 18 hivi, za kushoto milimita 3, na akaingia kwenye 114 bila kugusa fremu. Ringi inakaa karibu na katikati ya habu, spoki za kushoto na kulia zinakaribia kuvuta sawa, gurudumu linakuwa gumu kweli. Ila kila ukihamisha spesa, ujue ringi haipo tena katikati ya fremu. Toa milimita 18 kulia na 3 kushoto, ringi inatakiwa isogezwe milimita 7 na nusu kwenda kushoto. Inasogezwa kwa spoki: unalegeza za upande mmoja, unakaza za upande mwingine, robo mzunguko kwa robo mzunguko, huku unageuza gurudumu kuhakiki. Fundi anayekwambia "lisukume tu litakaa" huyo mwamkie, uondoke.

KAMBA YA MWASHI

Sasa tuje kwenye zile milimita 6 za fremu. Hapa kuna watu wawili wa kuonywa mapema. Wa kwanza ni mwenye fremu ya alumini. Wa pili ni mwenye ile ya nyuzi za kaboni. Ninyi msithubutu. Chuma cha kawaida kina roho ya kukunjwa baridi kikakaa pale kilipoachwa. Alumini inapasuka, na kaboni inakatika. Chukua sumaku ukigusishe: ikinasa ni chuma, endelea kusoma.

Njia ya wavivu ni kulazimisha. Unavuta miguu ya fremu kwa mikono, unachomeka habu, unakaza nati. Kwa milimita mbili tatu kwa jumla, watu wengi wanaishi nayo na hakuna kinachotokea, ila kila ukiziba pancha unapigana mieleka na fremu. Kwa sita siyo vizuri. Miguu miwili haina nguvu sawa, wa kulia mara nyingi una mikunjo yake ya kupishana na cheni, kwa hiyo mmoja unasogea zaidi ya mwenzake. Gurudumu linakaa upande, baiskeli inatembea kama kaa, na dereva anailaumu barabara.

Mzee alifanya hivi. Alifunga kamba ya mwashi, ile nyembamba ya kupangia matofali, kwenye mdomo wa nyuma wa kulia, akaipeleka mbele, akaizungusha kwenye shingo ya fremu pale usukani unapopita, akairudisha mpaka mdomo wa kushoto, akaikaza mpaka ukiipiga inalia. Kisha akapima nafasi kati ya kamba na bomba la kiti. Kulia milimita 25, kushoto 27. Maana yake hata kabla ya kuguswa, fremu ya marehemu ilikuwa imepinda kidogo nyuma. Mshikaji akashangaa, miaka yote ile! Mzee akasema gari, punda na ukuta vyote viligongwa na baiskeli hii, unategemea nini.

Kwa sababu hiyo miguu haikutakiwa isogezwe sawa. Kamba ikiwa mbali na bomba la kiti upande wa kushoto, mguu wa kushoto tayari uko nje zaidi. Kwa hiyo wa kulia ulipewa kazi kubwa na wa kushoto kidogo sana, mpaka kamba isome sawa pande zote mbili na kalipa isome 120. Kila mguu ulikunjwa peke yake. Alilaza fremu, akapitisha mbao imara ya dari, ncha yake akaiegemeza kwenye bomba la kiti na mwili wa mbao ukapita ndani ya mguu anaotaka kuusogeza, akavuta polepole kwa uzito wa mwili wake. Akaachia. Akapima. Akavuta tena. Chuma kina tabia ya kurudi, unakivuta sana kinabaki kidogo, kwa hiyo usikate tamaa na usiwe na haraka. Ilichukua karibu saa nzima kupata milimita 6. Fundi mmoja mashuhuri wa Marekani, Sheldon Brown, aliyekuwa kwenye duka la baiskeli huko Massachusetts na kufariki mwaka 2008, aliwahi kueleza njia hiihii ya mbao na kamba. Mzee wetu hajawahi kumsikia. Anasema alifundishwa na fundi wa Tanga.

Wengine wanatumia bolti ndefu yenye hesi mwili mzima, wanaiweka kati ya midomo miwili na nati mbili zinazosukuma nje. Inafanya kazi, na haihitaji misuli. Kasoro yake inasukuma miguu yote kwa pamoja, mlegevu ndiye anayekwenda. Ukiitumia, kamba isitoke mkononi.

Ukimaliza hapo bado hujamaliza. Fikiria vitabu viwili vilivyosimama, ukivifungua kwa chini vinaangalia nje. Midomo ya fremu nayo ukiitanua inaacha kutazamana. Ukikaza nati kwenye midomo isiyotazamana, unaikunja ekseli mwenyewe kwa spana yako, itakatika bila hata mzigo. Mzee alichukua ekseli mbili fupi za zamani, akafunga moja kila mdomo kwa nati mbili, ncha zikiangaliana katikati. Kama midomo imenyooka, ncha zinakutana kama vidole vya watu wanaosalimiana. Zilipishana, moja juu, moja chini na nyuma kidogo. Akashika mdomo mmoja kwa spana kubwa ya kurekebisha, akaukunja taratibu, kisha mwingine, mpaka ncha zikakutana. Hiki ndicho kipande ambacho mafundi wengi wa haraka wanakiruka.

MAMBO MADOGO YANAYOKULA HELA

Mshikaji alidhani tumemaliza, akatoa pochi. Kumbe bado.

Gurudumu lake lilikuwa inchi 26, Phoenix ni ya inchi 28. Kwa wanaopenda namba, ringi ya 26 ya milimani tairi linakaa kwenye kipenyo cha milimita 559, na ile ya 28 ya baiskeli hizi za breki za fimbo ni 635. Tofauti ya nusu kipenyo ni milimita 38. Breki za Phoenix zinavutwa juu na vile vyuma zikamate ringi kwa ndani, sasa ringi ikiwa chini kwa milimita 38 mpira wa breki unakamata upepo. Kwa hiyo habu ilibidi itolewe kwenye ringi yake na kusukwa upya kwenye ringi ya 28.

Basi si atumie ringi yake ya zamani? Alitaka hivyo. Mzee akamwambia hesabu matundu. Ringi: 40. Habu: 36. Waingereza walizoea spoki 32 mbele na 40 nyuma, na baiskeli nyingi zilizoigwa kwao zikafuata, lakini habu za gia za milimani ni 36 au 32. Usisikilize mtu anayesema ataruka matundu manne. Tukazunguka Kariakoo nusu siku mpaka tukapata ringi ya 28 ya matundu 36 yenye umbo la kukubali breki za fimbo, na spoki mpya za urefu wake. Msomaji, kama unapanga safari hii, hesabu matundu kabla hujanunua habu. Itakuokolea nauli.

Halafu ekseli. Midomo ya fremu za asili ya Kiingereza ilikatwa kwa ekseli ya inchi 3/8, ambayo ni milimita 9.5. Ekseli ya habu ile ilikuwa milimita 10. Nusu milimita tu, lakini haiingii. Usigonge. Mzee alipiga tupa bapa kidogo kidogo ndani ya midomo, pande zote mbili sawa, akijaribu kila baada ya mikwaruzo michache. Na ekseli yenyewe ilikuwa ndefu kupita kiasi baada ya kutoa spesa, ikakatwa kwa msumeno wa chuma. Alianza kwa kupachika nati ndani ya sehemu itakayokatwa, ili akiifungua baada ya kukata inyooshe hesi zilizoharibiwa na msumeno. Ujanja mdogo, lakini huna huo utanunua ekseli nyingine.

Kama habu yako ina ekseli tundu, ile ya kufungwa kwa mkono mmoja wa haraka, mimi kwa baiskeli ya mizigo siipendi. Tafuta ekseli nzima ya nati. Midomo ya fremu hizi imefunguka kwa nyuma, ukikanyaga kwa nguvu mlimani cheni inavuta gurudumu mbele upande wa kulia, na kifungio cha haraka kikiwa kibovu kinateleza.

Mwisho ni cheni. Cheni ya gia ni nyembamba, kati ya sahani zake inakaa meno ya inchi 3/32. Gia kubwa ya mbele ya Phoenix ina meno manene ya inchi 1/8. Cheni inapanda juu ya meno na kuruka. Ilibidi Mzee atafute mkono wa pedali wa kulia wenye meno membamba, unaofungwa kwa kota pini kama ule wa zamani, akaupata kutoka kwenye baiskeli ya mashindano iliyokufa. Kikava cha cheni nacho kikatoka, kimkono cha kurusha gia kikapata pa kukaa kwa kibati kilichobanwa kwenye mdomo wa fremu. Sasa mshikaji anaingiza suruali kwenye soksi, bomba kabisa.

Naongeza hili kwa asiyetaka usumbufu wote huu. Ukibahatika kukuta kwenye mitumba habu ya Sturmey-Archer ya gia tatu, zile za Nottingham ambazo gia zimefichwa ndani ya pipa, chukua haraka bila kujadili. Modeli yake ya AW ilianza mwaka 1936 na ilitengenezwa kwa fremu nyembamba hizihizi, kwa hiyo kwenye 114 au 115 inakaa kama imezaliwa pale. Haina kimkono cha nje wala cheni nyembamba. Hakikisha tu inakuja na washa zake zenye meno ya kuzuia ekseli isizunguke, bila hizo gia zinaleta kiburi. Tulitafuta siku mbili, hatukuipata, ndiyo maana nimekuandikia yote hayo ya juu.

Kazi nzima ilichukua siku tatu, nusu siku ikiwa ya kuzunguka kutafuta ringi. Hela aliyotumia haikuwa ndogo, na kuna jamaa kijiweni waliomwambia kwa hela ile angeongeza kidogo akapata mtumba mzima wa Japani, na nadhani kwa hesabu tupu wapo sahihi. Yeye aliwaambia baiskeli ya Kijapani yenye kikapu haibebi boksi lake, na mama yake haijui kengele yake.

Asubuhi ya kwanza nilikwenda kumsubiri Kimara makusudi nione. Alikuja ameketi, gia ndogo, miguu inazunguka haraka kama cherehani, boksi limejaa. Alishuka akapapasa nati za nyuma kabla hajashusha mkate wowote. Mzee alimwagiza azikaze tena baada ya safari ya kwanza yenye mzigo, kwa sababu spoki mpya na midomo iliyopigwa tupa huwa vinajipanga, halafu arudi baada ya wiki spoki zikazwe. Ya kulia ilikuwa imelegea robo mzunguko. Akaikaza, akagonga kengele, akaanza kuhesabu mikate.